Hita Ndani ya Uji

Mbele yangu kwenye duka la gesi, hapa Magomeni, dada wawili walikuwa wanabishana. Wiki ijayo wakwe wa kaka yao wanatoka Mikumi kuja kuonja pombe ya mtama ya familia hii kwa mara ya kwanza, na ikinuka moshi, aibu ni yao.

"Tuchukue hita ya umeme, dada," alisema mdogo. "Unatumbukiza, unakaa zako."

"Pombe inaanza na uji, mdogo wangu. Uji utaigandia hita uungue. Gesi, moto ukizidi unapunguza."

Muuza duka, kofia kichwani, aliapa kwamba pombe hajawahi hata kuionja, lakini hita yake inachemsha chochote.

"Chochote?" Dada mkubwa akalitazama jagi la uji wa asubuhi wa muuza duka, pale kaunta. "Haya baba, chemsha huo."

Foleni nzima tukasogea. Muuza duka akaitumbukiza hita, akachomeka. Haikupita muda harufu ikatufikia, naye akaitoa hita imevaa ganda jeusi. Tukapiga makofi kama tuko uwanjani.

Mdogo akainusa. "Gesi. Lakini kukoroga nakoroga mimi."

Nimekaa vikao vingi vya wasomi, na sijaona hata mmoja akiitolea hoja yake kifungua kinywa. Nimealikwa siku hiyo ya wakwe. Muuza duka naye kaalikwa, ila anasisitiza kwamba anafuata wali tu.