Pikapu za Gitaa la Baba

Gitaa la umeme la baba lilikufa wakati wa Kwaresima. Lilikuwa limeharibika pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, zinazokaa chini ya nyuzi na kudaka mtikisiko. Waya ulikuwa umeoza. Mwalimu wa kwaya yao pale Iringa akamwambia, kwa heshima zote, kwamba gitaa lisipopona kufikia Pasaka, kinanda kitabeba nyimbo zote. Baba akanipigia simu Mbeya.

"Nitafutie ile sauti ya zamani," alisema. "Wewe si umesoma?"

Nimesoma, ndiyo, ingawa si hayo. Mafundi wa magitaa wa Iyunga, hukohuko Mbeya, waliniapia kwamba pikapu za zamani zina joto ambalo mpya hazina. Nikawauliza joto hilo linapimwaje. Wakacheka. "Dogo, hii inasikilizwa, haipimwi." Sikuridhika, lakini nilinunua seti mbili: moja iliyochomolewa kwenye gitaa bovu la umri uleule, nyingine mpya, kali. Hiyo mpya niliibeba ili asikie tofauti tu.

Nyumbani Iringa nililehemu zile kuukuu kwanza. Sauti ikatoka nene, ya mviringo, isiyokata masikio. Kwa muda nilikuwa tena mtoto kanisani, nikisinzia begani kwa mama. Niliamini, mimi nisiyeamini kirahisi.

Baba akapiga nyuzi, akakunja uso. "Mbona linaimbia ndani ya blanketi?"

"Baba, ndiyo sauti yake hiyo."

"Hii? Gitaa hili nimelipiga kabla hujazaliwa, leo unifundishe sauti yake?"

Nikaanza kumweleza jinsi kumbukumbu inavyowadanganya watu. Nilikuwa katikati ya hotuba hiyo simu ilipolia kwenye mfuko wa shati lake, mlio ule mwembamba unaochoma. Hakushtuka. Ililia mpaka ikakata, naye akinitazama tu, akisubiri nimalize.

Kwa miaka mingi alisimamia mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, kutwa kando ya injini, bila chochote masikioni. Ada zangu zote zilitoka pale.

Sikumaliza hotuba. Nilifunga zile kali. Akapiga, uso ukamfunguka. "Hiyo! Ulikuwa umeificha wapi?"

Kwenye mazoezi ya mwisho kabla ya sikukuu, wimbo wa kwanza haukufika katikati. Wale wa sauti ya kwanza walikunja shingo kama waliomwagiwa maji ya baridi. Mama mmoja akaziba sikio. Baba alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Mwalimu akanifuata kwenye benchi.

"Ndugu yangu, ongea naye wewe. Mimi siwezi, ndiye aliyenifundisha kuimba."

Nilimwendea. Nikashika kitufe cha gitaa, nikapunguza ukali taratibu, mpaka ile sauti nene ikarudi na wanakwaya wakashusha mabega. Baba akafumbua macho. Akapiga uzi mwembamba, akaupiga tena, akauinamia.

"Imezima," akasema.

"Haijazima, Baba."

Akawatazama wanakwaya, akaona nyuso zao zilivyotulia. Mimi alinitazama mwisho. Kisha akavua mkanda begani, akachomoa waya, akauzungusha vizuri mkononi.

"Haya, Mwalimu," akasema, "kinanda kiendelee."

Akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa. Walipoanza upya, alikuwa akiwatazama midomo.