Jumapili Niliyowasha Mashine ya Kukata Nyasi

Shemeji yangu nilimpiga na mwiko wa ugali, mwiko wa mninga niliotoka nao Doha nimeuviringisha ndani ya kanga, na nikimpata leo nampiga tena. Watu nikiwaambia hivyo wanacheka. Wanadhani nasimulia vituko. Basi ngoja nisimulie vizuri.

Mimi mtu wa Tanga, kazi yangu hotelini Al Sadd, nasimamia wasafisha vyumba. Kwa kazi hiyo mdomo wangu umekuwa mkali, sikatai. Nakaa Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na nesi Mkenya, mwanamke wa Kakamega asiyejua kuzungusha maneno. Mdogo wangu wa kuachiana ziwa naye alikuwa hapa Doha, mgahawani, mpaka alipompata Mjerumani wake. Yule bwana alikuja kufunga mitambo ya viyoyozi kwenye majengo mapya. Mpole, anashukuru hata ukimsogezea chumvi. Alisilimu, akaja Tanga, akakaa mkekani akala pilau kwa mkono, na mama akasema sasa hata nikifa nakufa vizuri. Ngoma ilipigwa, mtaa mzima ukajua. Kisha akamchukua mkewe akaenda naye kijijini kwao, karibu na ule mji mkubwa wa Munich.

Kila Ijumaa tulikuwa tunapigiana kwa video. Ananionyesha maua ya dirishani, ng'ombe wenye kengele shingoni, kanisa lenye kilele cha duara kama kitunguu. Uso wake ananionyesha kidogo tu, halafu anageuza simu. Wakati wa joto watu nyuma yake wamevaa kaptura, yeye sweta la mikono mirefu hadi vidoleni. Nikimuuliza anasema kuna kaubaridi. Siku moja nesi wangu alikuwa anapita na beseni la nguo, akainama kwenye simu amsalimie, akaiona alama chini ya jicho lake. Simu ilipokatika akaniambia:

"Huyo siz wako anagongwa. Na usiniambie ati ni mlango. Mimi hizo milango nazishona kila siku kazini."

"We! Ukome, na mdomo wako huo."

"Sawa, ni mdomo. Lakini enda umtoe huko kabla uletewe sanduku."

Nilimtukana, tena matusi ya nguoni. Kesho yake nikaenda kuomba likizo. Likizo ile ilikuwa ya kwenda kumwona mama, nikaipeleka Ujerumani. Mdogo wangu aliposikia nakuja kutembea alifurahi hadi akalia, na kwa kilio kile nikajua nesi hakukosea. Nia yangu ilikuwa moja tu, nirudi naye akiwa hai, hata akitoka na nguo ya mwilini tu.

Treni ya kutoka mjini haikuchukua muda, nikashuka kijijini. Na huwezi kukichukia kijiji kile mara ya kwanza. Kuni zimepangwa ukutani sawasawa, utadhani zimepigwa rula. Kila unayekutana naye njiani anakusalimia, na salamu yao inamtaja Mungu. Hakuna honi, hakuna mtoto anayelia, mbwa wenyewe wanapita kimya. Nikamwambia mdogo wangu, "Mbona hapa kama pamefiwa?" Akaangalia dirishani kwanza, ndipo akacheka.

Jumamosi tulikwenda kutembea msituni, wawili peke yetu. Tulipofika mbali na nyumba akapandisha mikono ya sweta. Sitaeleza yote niliyoyaona. Yalikuwepo ya kijani, yalikuwepo ya manjano yanayopona, na moja, juu ya kiwiko, lilikuwa na umbo la ncha ya pasi. Nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa.

"Pasi?"

"Shati lake lilibaki na mkunjo."

"Tunaondoka leo hii."

"Nikamwambie nini mama? Mtaa mzima ulicheza ngoma yangu. Halafu makaratasi yangu yote yamefungwa na yake. Nikimshitaki narudishwa kama mwizi."

"Mama anataka mtoto, hataki ngoma!"

"Dada, wewe hujaolewa. Huwezi kujua."

Hilo liliniuma kwa sababu ni kweli. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilikuwa nimeshaiona aibu yenyewe, na bado nilitakiwa ninyamaze. Nikamuuliza majirani je, ni viziwi? Akasema wanasikia, ila huku mtu haingilii nyumba ya mwenzake. Wanachokiingilia ni kelele za Jumapili. Akanisimulia siku moja alitwanga karanga Jumapili mchana, kinu kile alichopewa na mama, na hata hazijalainika kengele ya mlango ikalia. Mzee wa jirani, miguuni soksi tu, anamwonyesha saa. Jumapili hutwangi, hukati nyasi, hata chupa tupu hupeleki pipani mpaka Jumatatu. Nilicheka sana. Nilisema, haya, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jumapili yenyewe nikasonga ugali na kuku wa nazi. Shemeji akakaa na bia yake, ananisifia chakula. Tukaanza kuongea Kiswahili mezani, habari za jogoo wa mama anayemfukuza muuza maandazi, na mdogo wangu akacheka kwa sauti, kicheko chake cha zamani. Yule bwana akaweka uma chini. Akauliza kwa Kiingereza, taratibu, anachekwa nani. Mdogo wangu akamwambia hachekwi mtu, ni jogoo. Akainuka. Nilidhani anakwenda msalani. Alikwenda dirishani akafunga, akaenda dirisha la pili akafunga, akavuta na pazia. Mdogo wangu naye akaanza kutoa vyombo mezani haraka haraka, sahani, glasi, kila cha kuvunjika akakiweka kwenye sinki. Hapo ndipo nikaelewa kwamba hii ilikuwa shughuli waliyoizoea wote wawili.

Ngumi ya kwanza ilimpata sikioni, akaanguka na kiti. Akamfuata palepale chini kwa mateke ya mbavu, na viatu vyake vya ngozi, hasemi neno. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Kwetu mtu akipiga anatukana, anapayuka, unajua amekasirika. Huyu alikuwa anapiga kama anayefanya kazi ya zamu. Nikachomoa mwiko sufuriani na ugali wake wa moto nikampiga nao shingoni, kichwani, popote, mpaka ukakatika. Akageuka. Akaukamata mkono wangu huu wa kushoto akauzungusha, mfupa ukalia nikausikia, kisha akanisukuma nikafikia mdomo kwenye jiko lao la vigae. Jino la mbele mnaloliona kwangu si la kuzaliwa nalo.

Nikatoka nje kwa mlango wa jikoni, nikapiga yowe.

Mtu wa kwetu ataelewa. Yowe likipigwa Tanga, anayekula anaacha tonge, aliye msalani anatoka na kopo mkononi, wanaume wanakuja na mapanga hata hawajui kama ni mwizi au nyoka, wataulizana wakishafika. Asiyetoka, kesho yake anaulizwa yeye alikuwa wapi. Nilipiga yowe la namna hiyo, la kutoka tumboni, nikaongeza na Kiingereza: anaua, anaua, njooni! Ng'ambo ya ua yule mzee wa soksi alikuwa kivulini na gazeti lake. Alinitazama, damu inanichuruzika kidevuni. Akakunja gazeti, akaingia ndani. Nyumba ya mbele pazia likasogea, likarudi. Nikagonga mlango wa kulia, nikagonga wa kushoto. Jamani, mchana kweupe! Simu yangu imebaki mezani, na ndani nasikia kiti kinapigwa ukutani, mdogo wangu hasikiki tena.

Basi nikakumbuka zile karanga. Bandani mwa shemeji kulikuwa na mashine ya kukata nyasi, ya petroli, ile ya kuvuta kamba. Mpini wake lazima uubane ndipo iwake, nikaubana kwa tumbo na ule ule mkono uliovunjika, machozi yananitoka, nikavuta kwa mkono mzima. Ikakohoa. Nikavuta tena huku naitukania mama yake, ikawaka. Nikaisukuma nje ya geti mpaka kwenye kokoto za njia, mawe yanaruka yanapiga magari ya watu. Wallahi sijapata kusikia kelele tamu kama zile.

Walitoka. Wote walitoka! Mzee wa soksi, safari hii na viatu. Mama mmoja na aproni yake, bwana mmoja na kitambaa cha kulia bado kimening'inia shingoni. Wananionyesha saa, wananifokea kwa lugha yao, kumbe kijiji kizima kina sauti. Mmoja akapiga simu polisi. Nikamwambia piga, baba, piga, Mungu akupe umri mrefu.

Polisi walikuja wawili, mmoja mwanamke kijana. Walikuja kwa ajili ya mashine. Walipouona mkono wangu unavyoning'inia wakaacha habari za mashine, tukaingia ndani. Madirisha yote yako wazi. Mdogo wangu amekaa mezani, amenawa uso, amejifunga kitambaa, mikono ya sweta imeshushwa. Shemeji anawakaribisha maji ya kunywa. Anawaeleza kwa lugha yao, nilikuja kutafsiriwa baadaye, kwamba mkewe ameteleza kwenye ngazi, na huyu dada mgeni ana wazimu, tazameni alivyonipasua. Na kichwa chake kweli kilikuwa kinatoka damu, tena sijuti. Wakamuuliza mdogo wangu. Akajibu kwa Kiingereza, ili na mimi nisikie: "Nilianguka."

"Sema!" nikamwambia kwa Kiswahili. "Sema, we mtoto! Unataka akuue ndipo useme?"

"Nilianguka, dada. Rudi zako Doha."

Hasira zangu zote za yule mwanamume zikamgeukia yeye. Nikainua mkono nimzabe kibao, palepale mbele ya serikali ya watu. Sikumfikia. Mkono haujashuka, yeye ameshaingia chini ya meza, magoti kidevuni, mikono yote miwili juu ya kichwa, na sweta limeteleza hadi viwikoni. Ile pasi ikaonekana, na mengine yote. Hakuna mtu anayejifunza kujikunja vile kwa siku moja. Polisi wa kike akaitazama mikono ile, akamtazama mume, kisha akachuchumaa chini akaanza kuzungumza na mdogo wangu kwa sauti ndogo. Sijui alimwambia nini. Mwenzake akamtoa shemeji nje, mikono nyuma, kijiji kizima kinatazama. Mdogo wangu alipokuwa anatoka chini ya meza nilimnyooshea mkono nimwinue. Akaushika wa polisi.

Mambo ya mahakama na makaratasi yalichukua muda wake. Alikaa kwenye nyumba wanayohifadhi wanawake, akasema yote, ndoa ikavunjwa, na hakuna aliyemrudisha kama mwizi. Mwenyewe ndiye aliyetaka kurudi kwa mama. Akapitia hapa Doha kwa viza ya kutembelea, apumzike kwanza. Nilimpokea, nikampikia, nesi akampa kitanda chake akahamia kwa rafiki yake Al Thumama. Lakini mdogo wangu ananijibu ndiyo dada, asante dada, kama yuko mgahawani na mimi ni mteja. Nikipita karibu yake anasogea pembeni. Nikavumilia, nikavumilia, Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana nikashindwa. Nikamuuliza, nimekukosea nini, mimi niliyeacha jino langu kule kwa ajili yako?

Hakunitazama. Akasema, "Yeye nilikuwa namjua. Nilijua anaanza vipi na anaishia wapi. Ulipoinua mkono wewe, nikaona basi, khalas, sina pa kwenda tena."

Ningeweza kujitetea, maana bila mkono ule pengine leo tungekuwa tunasoma hitima yake, na yeye alijua hivyo, na mimi nilijua kwamba anajua. Lakini kujitetea kungekuwa kumfokea tena. Nikakaa kitandani mbele yake.

"Nipige," nikamwambia.

"Mimi sipigi watu."

"Najua. Nilikuinulia mkono, na wewe niinulie wako. Sinyanyuki hapa."

Alinitazama hadi nikadhani atatoka nje. Kisha akanipiga. Kofi la kweli, la shavu zima, sikio likalia ngiii. Alishtuka, akauangalia mkono wake. Akanipiga tena, kwa nguvu zaidi, na nikamwacha. La tatu hakulimaliza. Alinidondokea kifuani akalia mpaka blauzi yangu ikalowa, nikamshika mgongoni, naye hakusogea.