Nani Hapa Analala Mpaka Asubuhi?

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Nilikuwa nimerudi Mwanza kutoka Dar es Salaam na stashahada ya utabibu, niliyojilipia mwenyewe kwa kupara samaki, na nilitaka kila mtu ajue. Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu ya kando ya ziwa, alinitazama akacheka.

“Koti zuri, Tabibu. Sasa sikiliza. Hapa usimuulize mtu mzima habari za usingizi mbele za watu. Funga mlango kwanza.”

“Kwa nini, mama?”

“Asiyelala, watu huuliza usiku anakwenda kuroga wapi.”

Nikawa nafunga mlango. Enzi zetu vipimo vilikuwa vichache. Maelezo ya mgonjwa tuliyachukua kwa subira. Huyu analalamika kichwa, yule tumbo, ukiuliza taratibu unakuta ni usingizi. Mvuvi, mwalimu, mama lishe, wengi mno, na kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Ndipo akaja Mama Kabula, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni na kwa kukesha.

“Mwanangu, majirani wameanza kunong'ona juu yangu. Naogopa wasije wakaniua.”

Haikupita wiki, ukaitishwa mkutano wa kijiji. Jirani yake, Baba Shija, akasimama akataka mama huyo afukuzwe, eti usiku halali, anaroga. Siri ya mgonjwa ni siri, nisingeweza kumtaja yeyote. Nikasimama nikajitaja mwenyewe.

“Mimi, na stashahada yangu, nakodolea bati macho mpaka majogoo. Nani hapa analala mpaka asubuhi?”

Kisha Mzee Masanja, mfugaji, akasema, “Daktari, tangu ng'ombe wangu waibiwe, nalala jicho moja wazi.” Mwalimu akanyoosha mkono. Wengine wakafuata.

Mama Shija akasimama. “Na huyu mume wangu anayepiga kelele, usiku kucha anazunguka chumbani. Shahidi ni mimi!”

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akakohoa. “Basi tuhame kijiji kizima, na mimi nikiwemo.” Akafunga mkutano.

Sasa nimestaafu, naishi Butimba. Wenzangu wakikutana hutaja vyeo walivyofikia. Vyangu pia ninavyo, tena si haba. Lakini mimi humtaja kwanza Mama Kabula: alifia kitandani kwake, kwa uzee tu.