Kamusi ya Mjomba na Kompyuta Isiyouliza

Mjomba wangu wa Pangani, mwalimu mstaafu, alikusanya maneno ya Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu, kwa miaka mingi, akiyaandika kwenye kompyuta kuukuu isiyo na kipanya wala picha. Kioo cheusi, herufi nyeupe, na kila kitu sharti ukiombe kwa kuandika amri. Macho yake yalipoingia mtoto wa jicho, akaniita kutoka Tanga nimhamishie kamusi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa. Usiguse kitu mpaka nikwambie."

Nilikuja na flashi. Nikalizunguka lile dude, hakuna pa kuichomeka. Lilikubali disketi tu, na disketi aliyokuwa nayo ilibeba nakala ya zamani. Tukakubaliana niweke nakala mpya juu yake, niende nayo mjini.

"Andika amri ya kunakili, kisha mstari ulioinama," akasema.

"Upi? Iko miwili."

"Unaoinamia nyuma."

"Nyuma ya wapi, mjomba?"

Nikabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba amri ni mbaya. Nikarudia. Mbaya. Mara nimeacha nafasi pasipotakiwa, mara sikuacha panapotakiwa. Jasho likanitoka, na basi la saa nane lilikuwa karibu kuniacha. Mwishowe sikumsubiri amalize kusema. Nikaandika mwenyewe, nikabonyeza. Faili moja limenakiliwa! Nikashusha pumzi.

"Nisomee maneno ya nazi," akasema.

Nikatafuta. Hayakuwemo.

"Ulianza kutaja ipi, disketi au kompyuta?"

"Disketi."

Akavua kofia, akaiweka mezani. "Inayotajwa kwanza ndiyo inayonakiliwa. Umefunika mpya kwa ya zamani."

"Mbona haikuniuliza?"

"Hiyo haiulizi. Inatii."

Hasira zikanipanda, kwake, kwa dude lake, na zaidi kwangu mwenyewe. "Nani duniani bado anatumia kitu hiki?" nikafoka. Nikajuta papo hapo.

Mke wa mjomba, aliyekuwa uani akikuna nazi, ndiye aliyejibu. "Hayo maneno aliyapata wapi kama si kwangu? Njooni huku na daftari."

Basi likaondoka bila mimi. Nilikaa siku tatu. Mama yule alitaja, mimi nikaandika majina ya nazi tangu ikiwa changa: kidaka, kitale, dafu, koroma. Mjomba akibisha maana, mkewe akimnyamazisha kwa mfano. Maneno yaliyobaki kwenye kompyuta niliyapiga picha kwa simu, kioo baada ya kioo, mkono ukifa ganzi.

Hatukuyapata yote. Mjomba alikumbuka kwamba kulikuwa na mengi ya kukwea minazi, aliyopewa na mkwezi aliyekwisha kufariki, na hayo hakuna aliyeweza kuyarudisha. Aliposema hivyo sikuthubutu kumtazama.

Siku ya kuondoka, mkewe alitaka iandikwe mwanzoni mwa kamusi kwamba maneno mengi ameyasema yeye. Mjomba akasema hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Najua," mkewe akasema, akanipa kalamu.