Jivu Ndilo Linalolinda Kaa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile tuliyouhamisha moto wa Bibi.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu kipya kilipimwa huko rweya, kwenye nyika ya majani, mbali na migomba yetu ya Muleba, na watu walikuwa wakibeba milango, kuku na mawe ya kusagia. Bibi, aliyenilea, alikataa kutoka. Moto wa jikoni mwake uliwashwa na babu siku alipomwoa, na haukuwahi kuzimika. Kila jioni aliufukia ndani ya jivu, kila asubuhi akaufukua.

"Nitahama moto huu ukihama nami," alisema.

Mimi nilikuwa kijana wa miguu myepesi. Shule niliiacha mapema nikaenda kubeba mizigo bandarini Kemondo, kisha kuvua samaki kisiwani Bumbire, kisha popote palipokuwa na jambo nisilolijua. Mtembezi hula miguu yake.

"Bibi, kiberiti kipo dukani," nikamwambia.

"Kiberiti kina moto, mwijukuru wangu. Hakina babu yako."

Basi nikaenda kutafuta kuni ya kuubebea. Kwa kuwa njia ilikuwa ndefu, nilichagua gogo la musizi, jepesi, lililonyooka vizuri. Jirani yetu, Mzee Rwegasira, aliponiona alicheka hadi akaegemea uzio.

"Musizi! Huo ni wa kumchemshia chai mgeni usiyemtaka. Utakwisha kabla hamjavuka kijito." Akamgeukia Bibi. "Ndiyo hivyo, mama. Moto huzaa jivu."

Bibi hakucheka. "Na jivu ndilo linalolinda kaa." Kisha akanitazama mimi. "Nenda kule kwenye miamba. Mulama hauoti mahali pa raha."

Mulama ni mti mfupi, umepinda, gome lake limepasukapasuka; ukipita haraka huutazami mara mbili. Nikatafuta uliokufa ukiwa bado umesimama, maana ulioanguka hunywa maji ya ardhi. Shoka lilidunda, likalia kama limegonga chuma. Kigogo kisichozidi mkono wangu kilinilemea begani kuliko mkungu wa ndizi.

Bibi alikichoma ncha mpaka ikaiva nyekundu, akaifukia katika chungu kibovu kilichojaa jivu, tukaondoka. Njiani mvua ikatukuta. Nilivua shati nikafunika chungu. Yeye alitembea nyuma yangu, nami nilijua anasikiliza kama kuna kaa linalolia kwa maji ndani.

Tulipofika kwenye kibanda chetu kipya kilichonuka udongo mbichi, hakuthubutu kufukua. "Fanya wewe," alisema.

Nikapuliza. Jivu likaruka, jivu tena, halafu chini kabisa pakawa pekundu. Bibi akaketi, akaagiza ndizi za kumenya.

Niliondoka tena, kama desturi yangu. Kila nilipoaga aliugeukia moto, akaniuliza swali moja tu: "Nifukie?"

"Fukia, Bibi. Nitarudi."

Mara ya mwisho nilichelewa. Nilikuta mafiga baridi, na yeye wamekwisha kumzika. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni mke wa Rwegasira, jirani yetu hata huko, aliponiita: "Njoo ule, mwanangu. Moto ni wa kwenu huu. Sote tuliuomba kwa bibi yako."

Nikaketi kando ya mafiga yake, nikasikia harufu ya mulama. Nimeota mioto mingi tangu hapo, ya bandarini, ya wavuvi, ya barabarani. Hakuna unaonuka hivyo.

Mwanangu, sikukatazi kutembea. Ningekukataza kwa uso gani? Ila unapochagua cha kubeba, usichague chepesi kwa sababu njia ni ndefu. Njia ndefu ndiyo inayotaka kizito. Na anayekufukia moto, mrudie angali na pumzi ya kuupuliza.

Mungu akujalie miguu mizima, kuni za mulama, na nyumbani mtu wa kukuuliza, "Nifukie?"