Karatasi ya Sigara Usoni mwa Yaya

Enzi zetu za Zaïre, mutu hakuachiwa kupenda kitu chake kwa amani. Wajukuu wangu wananionyesha kwenye telefone kijana aliyejipaka vitu vya kung'aa usoni, eti, "Koko, hii iko mupya." Mupya wapi? Yaya yangu Bisimwa, aliyenitangulia kuzaliwa, alibandika yake pale mtaani kwetu Muhumba, wazazi wao hawajazaliwa. Wananichosha kweli.

Yaya alikuwa ameachiwa sahani moja ya muziki na mwalimu muzungu aliyerudi kwao. Kwenye jalada alisimama mwimbaji wa Uingereza, mwanaume mwembamba, viatu vya soli nene kama matofali, nyota za fedha chini ya macho. Mama alifanya alama ya musalaba. Papa aliuliza kama yule mutu ana wazazi. Bisimwa yeye alikuwa anaenda kuisikiliza kwa jirani mwenye gramofoni, anarudi anapukuchua mahindi huku anaimba. Alitaka aimbe vile, peke yake, kwa sauti yake mwenyewe.

Peke yake, wakati ule! Sisi wote tulikuwa wa animasio: kila juma kuimba na kucheza sifa za Rais na Chama, wote kitambaa cha kikwembe kimoja, kiuno kushoto, kiuno kulia. Mambo ya wazungu yalikatazwa, hata tai shingoni.

Basi siku shefu wa Chama alipokuja kututazama, Bisimwa, ambaye ndiye alikuwa anatuanzishia nyimbo, alitokea na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ameibandika chini ya macho kwa bugali laini. Papa akanong'ona, "Huyu mutoto atatufungisha." Yaya akauimba wimbo wa Chama kwa namna ya Muingereza wake, akivuta maneno, akipiga goti. Ilikuwa nzuri mpaka nikalia, na mimi si mutu wa kulia.

Shefu akasimama, akapiga makofi. "Huyu anang'aa kwa ajili ya Chama. Juma yenye kuya, bote mubandike."

Wote, mwenzangu. Wamama wa soko, mwalimu wa hesabu, papa yangu ndani ya abakosti yake, lile koti la Chama lisilo na tai, anabandikwa huku anatukana kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani. Na Yaya akaagizwa atufundishe kupiga goti kwa pamoja, juma kwa juma. Animasio ilipokuja kwisha, hakuimba tena, hata kanisani.

Muingereza yule naye watu wake walimuchoka, akamalizia kwenye kumbi ndogo, na alipokufa redio ikasema vijana wote wanamuiga. Sawa, yeye alipanda, akashuka. Yaya hakuachwa hata apande.

Hawa wa leo hakuna wa kuwakataza, hakuna wa kuwaagiza, na bado wananung'unika kwamba watu hawawapendi kwenye telefone. Juzi walinung'unika hivyo mbele ya Bisimwa, aliyeshuka kutoka Bagira kutusalimia.

"Mushukuru," akasema. "Miye balinipigia makofi, sauti ikafia pale."