Baragumu la Ndiva

Mwaka niliomaliza darasa la saba, mwalimu wetu wa Kiswahili alitunga mchezo wa kuigiza kwa ajili ya mahafali. Alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu milimani kutoka Mara, lakini hadithi aliipata kwetu wenyewe. Ilikuwa hadithi ya ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo juu ya mashamba. Maji ya kijito hulala humo usiku, asubuhi kizibo hufunguliwa yakaenda mferejini. Inasimuliwa kwamba ndiva yetu ilibomoka kila mvua iliponyesha, mpaka msichana mmoja alipotupwa ndani, ndipo ukuta ukashika. Katika hadithi msichana hasemi kitu.

Mwalimu aliibadilisha. Kwake, msichana anafikishwa ukingoni, anageuka na kusema: "Siingii. Ukuta mliujenga kwa haraka. Ujengeni upya." Nafasi hiyo alinipa mimi. Nadhani ni kwa sababu sehemu kubwa ya mchezo msichana ananyamaza, na kunyamaza niliweza.

Kwenye mazoezi maneno yale yalinikwama. Wavulana wawili walinishika mikono, nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Bubu wa ndiva," mmoja akasema. Darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Siku ile hakuna wa kukusaidia. Usiposema, hawa wanakutupa, na hadithi inabaki ile ile ya zamani."

Babu yangu ndiye aliyetunza baragumu, pembe ya tandala inayopulizwa kuita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja. Mwalimu alinituma nikaliazime.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetumwa nini?"

Nilimweleza. Alilishusha darini, akalifuta vumbi kwa kiganja. "La kuonyesha tu. Mwambie mwalimu lisipulizwe. Likilia watu wanakuja, na wakishakuja hawarudi bila kufanya kazi."

Nilimkuta mwalimu akizungumza na mwalimu mkuu. Nililiweka baragumu mezani, nikasubiri kidogo, nikaenda zangu. Kesho yake pia sikumwambia.

Siku ya mahafali wazazi walikaa chini ya turubai, mgeni rasmi mbele na soda yake. Nilikuwa nimevalishwa kaniki. Nilipoanza kuongozwa kwenda ukingoni, yaani kwenye meza yenye godoro nyuma yake, mwenzetu aliyeigiza mtemi akalipuliza baragumu kwa nguvu zake zote.

Chini ya turubai watu walitazamana. Wao walijua ni mchezo. Walioko mashambani hawakujua. Hatukumaliza dakika kumi, wakaanza kuteremka na majembe na makarai. Bodaboda moja ilileta wanaume wawili na sururu.

"Imebomokea wapi?" mmoja akauliza.

"Samahani, ndugu zangu," mwalimu akasema. "Ni mchezo tu."

"Mchezo? Nimeacha maharage yangu katikati ya mstari, mwalimu!"

"Mwache, yeye kwao wanaitana kwa simu," mama mmoja akasema, watu wakacheka.

Babu alifika mwisho. Hakumwuliza mwalimu. Alinitazama mimi. "Ulimwambia?"

Nilitikisa kichwa kukataa.

"Basi twendeni," akawaambia watu.

Wakaenda wote, waliokuwa wamevaa suti na waliokuwa na majembe. Mgeni rasmi alifuata na soda mkononi. Saa ile ndiva ilikuwa tupu, maji yamekwisha kwenda mashambani, limebaki tope la kufika magotini. Watu wakashuka kulichota. Mwalimu alivua viatu, akakunja suruali, akabeba karai kama wengine. Alipopita karibu yangu akasema, "Mchezo haujaisha."

Wale wavulana wawili walisikia. Wakanishika mikono, wakanisogeza ukingoni. Chini yangu hapakuwa na godoro.

"Haya, bubu. Sema, au tunakutupa."

Watu waliegemea majembe. Niliona vidole vyangu vya miguu vikiwa vimetokeza nje ya jiwe la mwisho.

"Siingii," nikasema.

"Hatusikii huku!" bibi mmoja akaita kutoka kwenye tope. "Rudia, mwanangu, nilikuwa nimeinama."

Nikarudia. "Siingii! Ukuta mliujenga kwa haraka. Ujengeni upya!"

Wavulana wakaniachia. Mtu mmoja akapiga makofi, akaacha, kwa kuwa hakuna aliyemfuata. Watu walikuwa wakiutazama ukuta.

"Upande ule wa kizibo ni kweli," babu akasema. "Tuliujenga wiki moja tu, mvua ikiwa imeshakaribia."

Mwenye sururu akausogelea, akang'oa jiwe la kwanza. Yakatoka mengine. Yalihitaji mtu wa kuyapokea kule chini, na waliokuwa chini wote mikono yao ilikuwa na makarai. Nilikunja kaniki, nikashuka.